Kifaru Hujulikana kwa Tumbo: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Vifaru vya Plastiki vya Zamani na Kumsaka Aliyevitengeneza

Watu wengi wakishika kifaru cha kuchezea, yaani kile cha kivita, si mnyama, hutazama mzinga. Mkusanyaji hukigeuza. Ukimwona mtu mnadani ameokota kifaru cha plastiki, amekipindua magurudumu juu kama fundi anayekagua gari, kisha anakielekeza kwenye mwanga huku amekodoa macho, jua huyo ni mwenzetu.

Mimi sikuanza hivyo. Kifaru changu cha kwanza kilikuwa cha kijani, urefu kama wa kiganja, na muuzaji aliniapia ni cha Marekani, cha miaka ya 1950. Nikalipa bei ya miaka ya 1950. Nilipofika nyumbani na kukigeuza, tumboni sikuona jina lolote. Palikuwa na kiraka tu: mstatili mwembamba ulioinuka kidogo kuliko plastiki iliyouzunguka. Nilihisi nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ilinichukua karibu mwaka kujua kiraka kile kinasema nini, na mengi yaliyomo humu nimejifunza nikikifuatilia.

Kabla ya hatua yoyote, elewa jambo moja. Kifaru cha plastiki huzaliwa ndani ya kalibu: vipande vya chuma vilivyochongwa, vikabanwa pamoja, plastiki iliyoyeyuka ikasukumwa ndani kwa nguvu, ikapoa, ikatolewa. Kalibu ni mali ya gharama kubwa na hudumu miaka mingi kuliko kampuni nyingi zilizoimiliki. Kampuni ikifilisika, kalibu huuzwa, hukodishwa, huvuka bahari. Kampuni ya Marx, iliyoanzishwa New York mwaka 1919, iliuzwa kwa Quaker Oats mwaka 1972, ikauzwa tena kwa Waingereza mwaka 1976, na kabla ya hapo ilikuwa na ndugu zake nje: Linemar kwa bidhaa za Japani, Plastimarx kule Meksiko, na kiwanda Swansea huko Wales. Kwa hiyo swali la "nani alikitengeneza?" kwa kweli ni maswali matatu: nani alichonga kalibu, nani alikifyatua kifaru hiki, na nani aliweka jina lake kwenye mfuko. Mara nyingi hao ni watu watatu tofauti.

Hatua ya 1: Chagua kona yako

Ukisema unakusanya vyote, baada ya miezi sita utakuwa na sanduku la takataka. Kona ni nyingi. Kuna vifaru vya Marekani vilivyouzwa kwa mifuko pamoja na wanajeshi wa plastiki: Marx, MPC, Tim Mee na wenzao. Kuna vifaru vidogo vya Ulaya: Roco wa Austria kwa skeli ya 1:87 (yaani kifaru halisi ni kirefu mara 87 kuliko hicho), Roskopf wa Ujerumani kwa 1:100, Airfix wa Uingereza kwa 1:76. Kuna bahari ya Hong Kong, kina Blue Box na mamia ya viwanda ambavyo havikuandika jina popote. Na kuna vya Urusi ya Kisovieti, ambavyo vina tabia yake, nitaeleza.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usichague kampuni, chagua kifaru halisi kimoja. Chukua Sherman, kwa mfano, ukusanye kila Sherman wa plastiki unayempata, awe mzuri au kituko. Ukiwa na kumi mezani, jicho lako litaanza kuona lenyewe nani kamwiga nani. Somo hilo hulipati kwa vifaru kumi vya kampuni moja.

Hatua ya 2: Vifaa

Huhitaji maabara. Lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo, rula ya kupimia kwa milimita au bora zaidi kalipa, penseli laini, karatasi nyembamba, glasi ya maji na chumvi ya jikoni. Na daftari. Asiye na daftari hukusanya vitu, hakusanyi habari.

Hatua ya 3: Soma tumbo

Subiri jioni, zima taa, weka kifaru kichwa chini mezani, na umulike kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukikaribia kulala juu ya plastiki. Herufi ambazo mchana hazikuonekana zitatupa kivuli. Zikiwa bado ngumu, tandaza karatasi juu yake na upitishe penseli kwa ubapa, kama watoto wanavyochora sarafu.

Marx ana duara lenye herufi MAR na X kubwa iliyokatiza. Roco huandika jina lake na Austria. Maneno "MADE IN HONG KONG" unayajua. "EMPIRE MADE" wengi hudhani ni jina la kampuni, kumbe ndivyo bidhaa nyingi za Hong Kong zilivyotambulishwa kwenye masoko ya Uingereza. "WESTERN GERMANY" hukuweka kati ya 1949 na 1990. Herufi DBGM ni usajili wa uvumbuzi mdogo wa Ujerumani ya baada ya vita. DRGM ni usajili kama huo wa enzi za kabla yake. Vifaru vya Kisovieti ndivyo vyenye ukarimu: vingi vimeandikwa bei humo humo kwenye plastiki, baada ya herufi ya Kirusi "Ц", na ukikuta alama ya ubora, ile pembetano, basi hakiwezi kuwa cha kabla ya 1967, mwaka alama hiyo ilipoanza.

Namba ya hataza, yaani ya haki ya mvumbuzi, ni dhahabu, lakini isome kwa akili. Hataza ya Marekani namba 3,000,000 ilitolewa mwaka 1961, na namba 4,000,000 mwaka 1976. Ukiona namba, itafute kwenye hifadhidata ya hataza mtandaoni na utapata jina la mwombaji, tarehe, hata mchoro. Lakini tarehe hiyo inakuambia kifaru hakikufyatuliwa kabla ya hapo. Haikuambii kwamba kilifyatuliwa mwaka huo, kwa kuwa kalibu huendelea kutema namba ile ile miaka ishirini baadaye. Na "PAT. PEND.", yaani hataza imeombwa lakini bado haijatolewa, peke yake haikupi mwaka wowote.

Sasa kile kiraka changu. Herufi zilizoinuka kwenye plastiki zilichongwa kuingia ndani ya chuma. Kuongeza herufi ni rahisi: unachonga tu. Kuzifuta ndiyo kazi. Fundi ana njia mbili. Ama anajaza shimo la herufi kwa kulehemu na kusawazisha, na plastiki inatoka bapa lakini yenye mparuzo kidogo. Ama anakwangua chuma chote cha eneo lile mpaka herufi ziishe. Chuma kikipungua, nafasi ya plastiki inaongezeka, na kifaru kinatoka na bonge la mstatili mahali jina lilipokuwa. Kiraka kilichoinuka, basi, ni kovu. Hapo palikuwa na jina, na mtu alilitoa kwa makusudi. Kalibu imebadili mikono.

Hatua ya 4: Kitovu na visahani

Hii ndiyo hatua ambayo wakusanyaji wengi huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Kila kifaru kina kitovu: doa dogo, la mviringo au lililokatwa, mahali plastiki ilipoingilia. Kina pia visahani, yaani miduara midogo iliyobonyea au kuvimba kidogo upande wa ndani, ambayo ni alama za pini zinazosukuma kifaru kitoke kwenye kalibu. Na kina mshono, mstari mwembamba unapokutana upande mmoja wa kalibu na mwingine. Wakati mwingine kuna namba ndogo peke yake, 1 au 2 au 4: hiyo ni namba ya tundu, kwa sababu kalibu moja huweza kufyatua vifaru kadhaa kwa mpigo. Nimeona watu wakibishana kwamba "4" ni mwaka wa toleo. Si mwaka.

Umbo la juu huigwa kirahisi. Visahani vya ndani haviigwi, maana mwigaji hana sababu ya kupanga pini zake pale pale. Ndiyo maana ukilinganisha vifaru viwili:

- Visahani na kitovu vikilingana, majina yakitofautiana: ni kalibu moja iliyohama.
- Umbo likilingana, visahani visilingane: mmoja kamwiga mwenzake.

Chora ramani ya visahani kwenye daftari, kwa mkono tu, hata kama hujui kuchora. Picha ya simu husaidia, lakini mkono ukichora jicho huhesabu.

Kisha pima. Mwigaji asiye na kalibu huchukua kifaru cha mwenzake na kutengeneza kalibu kutoka humo. Plastiki ikipoa husinyaa: polistaireni chini ya asilimia 1, polithini asilimia 1.5 hadi 4. Kwa hiyo nakala ya polithini ya kifaru chenye milimita 100 hutoka na 97 au 98, na kingo zake huwa kama sabuni iliyotumika. Nakala ya nakala huwa ndogo zaidi. Lakini tahadhari: kalibu ile ile ikilishwa polistaireni leo na polithini kesho itakupa vipimo viwili. Ndiyo sababu visahani vinatangulia na rula inafuata.

Hatua ya 5: Jua plastiki yenyewe

Vifaru vya mwanzoni, vya miaka ya 1940, vingi ni vya asetati ya selulosi. Baada ya vita ikatawala polistaireni, ngumu, inayolia kama kikombe ukiigonga kwa ukucha. Polithini laini, isiyovunjika ikikanyagwa, ikashika mifuko ya vifaru vya bei rahisi kuanzia miaka ya 1950.

Kwa kifaru kisicho na ekseli za chuma wala vibandiko vya karatasi, glasi mbili hukata mzizi wa fitina. Ya kwanza ina maji matupu na tone la sabuni ili mapovu yasing'ang'anie. Ya pili ina maji yaliyokorogwa chumvi mpaka chumvi inakataa kuyeyuka, kama gramu 350 kwa lita. Zamisha kifaru kabisa, tikisa hewa itoke, kisha kiachilie. Kikielea kwenye maji matupu, ni polithini au ndugu yake polipropilini. Kikizama kwenye maji matupu lakini kikaelea kwenye chumvi, ni polistaireni au jamaa yake. Kikizama kote, ni asetati au PVC, kinuse. Harufu ya siki ni asetati inayooza.

Usichome kwa sindano ya moto kama wengine wanavyoshauri. Utajua plastiki, ndiyo, na utakuwa umekitoboa kifaru.

Hatua ya 6: Hesabu magurudumu, tafuta skeli

Jina la kifaru halisi hukupa mwaka ambao kifaru cha kuchezea hakiwezi kuutangulia. Sherman ana magurudumu sita kila upande, yamefungwa mawili mawili. M41 Walker Bulldog ana matano, M48 Patton ana sita. T-34 ana matano makubwa. T-54 naye matano, lakini kati ya la kwanza na la pili kuna mwanya ulio wazi. Panther na Tiger magurudumu yao yamepandiana kama sahani kwenye kabati. M41 na M48 ni za mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo kifaru cha kuchezea chenye umbo la M48 hakiwezi kuwa "cha wakati wa vita", hata muuzaji akuapie kwa lolote.

Skeli ni hesabu ya darasa la tano. Sherman M4A1 ana bodi ya mita 5.84. Gawa milimita 5,840 kwa urefu wa bodi ya kifaru chako, bila kuhesabu mzinga. Ukipata karibu 76 au 72 au 87, uko kwenye ukoo unaofahamika. Ukipata 61 au 49, huyo alitengenezwa kwa skeli ya boksi: mchongaji aliambiwa kitoshee kwenye mfuko, akakitosheza. Hilo nalo ni fununu, kwa kuwa waliojali skeli walikuwa wachache na wanajulikana.

Hatua ya 7: Fuata karatasi

Tumbo likikwama, karatasi huendeleza. Mifuko, kadi za juu ya mfuko, maboksi, katalogi. Katalogi za Krismasi za Sears zimepigwa picha kurasa kwa kurasa na zimewekwa mtandaoni. Seti za vita za Marx zimo, kwa mwaka na bei. Strong National Museum of Play kule Rochester, New York, ina hazina kubwa ya katalogi za wafanyabiashara wa midoli.

Kwenye boksi lenyewe tazama vitu vidogo. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baada ya hapo. Kabla yake miji mikubwa iliandikwa na namba fupi ya kanda. Msimbo wa mistari wa madukani ulianza kutumika 1974. Alama ya CE kwenye midoli ya Ulaya ni ya kuanzia 1990. Na ukikuta "200 Fifth Avenue, New York", usikimbilie kusema umepata kiwanda: jengo lile lilijaa ofisi za mauzo za kampuni za midoli. Vifaru vya Marx vilitoka viwandani, kama kile cha Glen Dale, West Virginia, si ghorofani Manhattan.

Andika matokeo yako kwa ngazi tatu: hakika, yaelekea, haijulikani. "Hakika" iwe ni ile yenye jina kwenye plastiki au kwenye mfuko ambao haujafunguliwa. Kifaru kilichokutwa kwenye boksi lililo wazi ni "yaelekea" tu, kwa sababu watoto huchanganya, na wauzaji huchanganya kuliko watoto.

Hatua ya 8: Kununua

Omba picha ya tumbo. Muuzaji akikataa, achana naye. Omba pia picha ya ncha ya mzinga, maana ndiyo huvunjika kwanza, na wengi huichonga upya kwa kijiti na kuipaka rangi. Uliza kama kichwa kinazunguka, kama ekseli ni zake. Kifaru chenye rangi ya mkono juu ya polithini kisikutishe: rangi haishiki vizuri kwenye polithini, mara nyingi hubanduka kwa ukucha.

Jihadhari na matoleo mapya. Tim Mee, jina lililoanza Illinois mwishoni mwa miaka ya 1940, linauzwa tena leo, vikiwamo vifaru. Sivilaumu hata kidogo. Ni halali, ni vizuri kwa watoto, na ninavyo viwili mezani kwa kulinganishia. Tatizo huja mtu akivitoa kwenye mfuko mpya, akavisugua na mchanga, akaviita vya 1965. Mchubuko wa kweli uko kwenye sehemu zilizoinuka, kwenye ncha na kingo. Mchubuko wa mchanga uko kila mahali sawasawa.

Hatua ya 9: Kutunza

Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, na mswaki laini. Si maji ya moto: nilishawahi kumwagia kifaru cha asetati maji ya birika, mzinga ukainama mbele yangu kama mshumaa. Kwa polithini mambo hugeuka: mzinga uliopinda huchovywa kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, ukanyooshwa kwa vidole, kisha ukatiwa haraka kwenye maji baridi. Asetoni na tina ya rangi visikaribie kabisa. Polistaireni na asetati huyeyuka humo.

Adui aliyejificha ni PVC. Minyororo laini ya vinyli hutoa mafuta yaliyoilainisha, na mafuta hayo hula polistaireni. Ukikiacha kifaru kimevaa minyororo hiyo kwa miaka, magurudumu huyeyuka na kuganda nayo. Ivue, iweke kwenye mfuko wake wa polithini, na kwa sababu hiyo hiyo usihifadhi kifaru kwenye mifuko ya PVC inayong'aa. Chenye harufu ya siki kitenge na wenzake, kipate hewa. Vyote vikae mbali na jua na joto. Na usimpe mtoto achezee: rangi za plastiki za zamani huweza kuwa na risasi au kadimiamu.

Kuhusu kile kijani cha kwanza: mkusanyaji mwenzangu alinitumia picha za kifaru chake chenye umbo lile lile, cha polistaireni, chenye jina kamili la kampuni ya New Jersey pale pale kwangu palipo na kiraka. Tulihesabu visahani kwa simu, yeye kwake, mimi kwangu. Kumi na kimoja, vimepangwa sawa, na kitovu kilikuwa nyuma, kushoto kidogo. Changu kilikuwa kifupi kwa milimita mbili, na kwenye maji matupu kikaelea. Kadi yake sasa inasomeka hivi: "Kalibu: ya kampuni ya New Jersey, hakika. Jina limekwanguliwa. Plastiki: polithini, ufyatuaji wa baadaye. Mfyatuaji: haijulikani. Bei niliyolipa: kubwa mno."